Shaaban Robert au Kezilahabi: uanze na nani?

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia dukani kwangu hapa Makole kutoa kopi za cheti cha kuzaliwa. Umeme ulikuwa umerudi muda huo huo, mashine ikawa bado inapata moto, naye akasimama anaangalia rafu ya nyuma yangu. Rafu ile si ya biashara. Ni vitabu vyangu mwenyewe, navisoma mchana wateja wakipungua. Akaangalia weee, kisha akasema, "Mama, mimi tangu nimalize kidato cha nne sijashika riwaya. Nimehamishiwa Dodoma mwezi wa pili, jioni zangu ni ndefu na sijapata marafiki. Nikitaka kuanza tena, nianze na Shaaban Robert au na Kezilahabi?"

Nyuma yake kulikuwa na watu watano, wawili wameshika fomu za mkopo. Nikamjibu juu juu, akalipa, akaondoka. Nilipofungua mfuniko wa mashine nikakuta cheti chake halisi bado kimelala kwenye kioo. Kwa hiyo atarudi, na safari hii nataka awe na jibu la kueleweka. Naliandika hapa kwa kuwa swali lake naulizwa mara nyingi, hasa na hawa wanaohamia mjini kwetu kikazi.

Watu wakiwalinganisha waandishi hawa wawili huuliza nani mgumu, au nani mkubwa zaidi. Mimi nimewasoma zaidi ya miaka thelathini na kipimo changu ni kingine: kitabu hiki kinataka kusomwa kwa sauti, au kinataka kimya? Shaaban Robert anataka sauti. Kezilahabi anataka ujifungie. Ukimsoma mmoja kwa namna ya mwenzake utamwona hafai, na nadhani ndivyo wengi walivyochoshwa nao shuleni, walipokuwa wanasoma wamekazana kutafuta dhamira na maudhui ya kujibia mtihani.

Nianze na Shaaban. Alizaliwa mwaka 1909 upande wa Tanga, akafariki 1962, na muda mrefu wa maisha yake alikuwa karani wa serikali ya mkoloni, mtu wa ofisini kama huyu kijana wangu. Mwaka jana umeme ulikatika nyumbani kuanzia magharibi, upepo wa mwezi wa saba unapiga mabati, watoto wamejikunyata sebuleni na simu zimeisha chaji. Nikawasha taa ya sola nikachukua Adili na Nduguze. Kwa ufupi ni kisa cha mtu mwema aliyeonewa wivu na ndugu zake wawili hata wakataka kumwua. Jini akawageuza wale ndugu kuwa manyani, na Adili akapewa amri ya kuwachapa kila usiku. Nilisoma kurasa chache tu za mwanzo, pale siri ya manyani bado haijafunuliwa, na mama mkwe wangu, ambaye hajui kusoma, akaacha kuchambua choroko. Ungo ukabaki mapajani. Nilipofika mahali pa kupumzika akauliza, "Sasa hao manyani wamemkosea nini?" Nikamwambia ndiyo tutakayoyasikia mbele. Akasema, "Basi soma."

Nikasoma mpaka sauti ikakauka. Asubuhi nikamsikia uani anamsimulia jirani kisa kile kile, amekiongezea bahari kubwa kuliko ya kitabuni na manyani wakali zaidi.

Hilo haliji kwa bahati. Sentensi za Shaaban zimesukwa kwa ajili ya sikio. Anapenda kuweka maneno mawili mawili yanayopokezana, neno zito na lenzake, jambo na kinyume chake, kama mtu anayetembea kwa mwendo wa kupima. Ukisoma kimya kwa haraka unaona anajirudia. Ukisoma kwa sauti unagundua kule kurudia ndiko kunakompa msikilizaji nafasi ya kumeza. Ni kama mahubiri mazuri au hotuba ya mzee harusini: maana ni ile ile, lakini anakushikisha mara tatu ili usiondoke mikono mitupu.

Udhaifu wake nao ni lazima uujue kabla hujatoa pesa yako. Wahusika wake wanabeba tabia zao kwenye majina. Adili ni mwadilifu, Majivuno ana majivuno, na ukurasa wa kwanza tu unajua nani atashinda. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, karibu chote ni kesi. Karama ameshtakiwa kwa kuleta elimu ya sheria katika nchi inayoning'inia angani, naye anajitetea siku sita kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita wakaishia kifungoni. Mimi nakipenda sana, maana ukikumbuka kimeandikwa na karani mweusi chini ya utawala wa Mwingereza, kila siku ya kesi ile inakuwa na uzito wake. Ila kama unasoma ili ushtuke, ili usijue kesho mhusika ataamka mtu gani, Kusadikika kitakupa usingizi na sitakulaumu.

Kuna kingine cha kwake ambacho watu wa Dodoma wangekipenda kama wangekijua: Utubora Mkulima. Mtu ana kazi ya mshahara mzuri mjini, anaiacha, anakwenda kulima. Wateja wangu nusu ni watumishi wenye ekari zao za zabibu Hombolo au Mpunguzi, Jumamosi wanapita hapa na matope kwenye buti, wananiambia kama si mkopo wa benki wangeshaacha ofisi. Hao nawaambia wakanunue Utubora leo leo.

Kezilahabi ni nyumba nyingine kabisa. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasomesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana, akafariki Januari 2020. Rosa Mistika kilitoka mwaka 1971 na kwa muda kilizuiwa shuleni, kisha miaka ikapita kikaja kuwa kitabu cha kiada. Mimi nilikisoma nikiwa na miaka kumi na saba, nyumbani kwa shangazi, usiku mmoja kwa mshumaa. Mapema tu kwenye kitabu Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Barua tu. Nakumbuka nilifunga kitabu kidole kikiwa katikati ya kurasa, nikaangalia mlango kama umefungwa. Baba yangu hakuwa mlevi kama Zakaria na hakuwahi kunipiga namna ile, lakini na mimi nilikuwa na barua, chini ya godoro, na nilijua sura ya baba ingekuwaje akiiona.

Miaka mingi baadaye nilijaribu kumsomea mume wangu kwa sauti sehemu ile ile. Haikwenda. Sentensi zake ni fupi, zimekatwa, na kati ya moja na nyingine kuna mahali unatakiwa unyamaze upambane mwenyewe. Ukiyatamka yale kwa sauti mbele ya mtu unaona aibu, kama unasoma barua ya mtu mwingine. Mume wangu akaniambia nimwachie kitabu. Akakimaliza mwenyewe siku mbili, hakusema neno, ila siku ya tatu alimwita binti yetu wakaongea nje muda mrefu.

Ubora wa Kezilahabi ni kwamba hakuambii nani mwenye haki. Rosa amelelewa kwa fimbo, hajaruhusiwa kuongea na mvulana hata njiani, kisha anapelekwa shule ya bweni anapata uhuru wote kwa mkupuo. Yanayomkuta unaweza kumlaumu baba, unaweza kumlaumu yeye, unaweza kuwalaumu walimu na wakubwa waliomchezea. Nimewahi kubishana na mwalimu mmoja wa sekondari hapa dukani nusu saa nzima juu ya mama yake Rosa, kama kunyamaza kwake kulikuwa uvumilivu au kosa. Kwa Shaaban ubishi wa aina hiyo hauanzi, maana mwandishi ameshauamua.

Halafu kuna suala la lugha yenyewe, na hapa nazungumza kama Mgogo. Kiswahili si lugha niliyonyonya. Nyumbani tuliongea Kigogo, Kiswahili tulikipata darasani na sokoni. Kezilahabi naye ni Mkerewe, alianza na lugha ya kwao, na nadhani ndiyo sababu Kiswahili chake kwetu watu wa bara kinaingia bila kupiga hodi. Cha Shaaban kinakutaka uvue viatu mlangoni. Ni Kiswahili cha pwani, kina methali zake, kina maneno ya Kiarabu ambayo mpaka leo mengine nayatafuta kwenye kamusi. Kwa mtu aliyekaa miaka kumi bila kusoma, hilo la kamusi linaweza kumkatisha tamaa mapema. Ila baada ya kurasa ishirini sikio linazoea, na ukimaliza kitabu utajikuta hata barua ya ofisini unaiandika vizuri zaidi. Hili nimeliona kwa wateja wanaoniletea barua za kuchapa.

Onyo moja juu ya Kezilahabi, na nalisema kwa moyo wote. Kichwamaji cha mwaka 1974 ni riwaya kubwa, huenda ndiyo bora kuliko zote alizoandika. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayerudi kwao na kukuta hana mahali, si kwa wazazi wala kwa wasomi wenzake, na maswali yake juu ya maana ya kuishi hayapati jibu la kumtuliza. Ni kitabu cha giza. Mtu aliye mpweke katika mji mgeni, anayerudi chumbani saa kumi na mbili jioni na kusikiliza upepo tu, asianze nacho. Akisome baadaye, akiwa na mtu wa kuzungumza naye asubuhi. Wale wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wanaopanga huku mtaani nawaambia hivyo hivyo: kisomeni wawili, mkijadiliana.

Nagona na Mzingile, vya mwaka 1990 na 1991, ni vyembamba na vinadanganya kwa wembamba wao. Hakuna kisa cha kufuata kama ulivyozoea. Kuna safari, mafumbo, ndoto, na wanafalsafa wanaopita humo ndani kama wapangaji. Nagona nimekisoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo niliacha kutafuta nani alimfanya nini nani, nikasoma kama mtu anayesikiliza ngoma asiyoijua maneno yake, na hapo kikanishika. Visiwe vya kwanza kwa mtu yeyote.

Kwenye nathari basi, yaani riwaya na maandishi yasiyo mashairi, moyo wangu uko kwa Kezilahabi. Kwenye ushairi naachana naye, na hapo namleta mtu wa tatu, wa hapa hapa kwetu.

Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka 1917, mwanzoni mwa ile njaa kubwa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya, akafariki 1969. Nasikitika kila nikimtaja kwa kijana wa Dodoma na kuona hamjui, ilhali yeye ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu nchi nzima. Yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania ameshasikia kazi ya mkono wake hata kama jina halijui: mgeni rasmi amekaa kwenye kiti cha kuazima, watoto wawili wanajitokeza mstarini, mashati yamepigwa pasi ya mkaa, mmoja anauliza kwa ubeti, mwingine anajibu kwa ubeti. Mimi nilikuwa yule wa kujibu, darasa la tano. Beti zile bado ninazo kichwani. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA (UKUTA ni chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) vilitoka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshaondoka, na vimejaa siasa za Azimio la Arusha. Kuna mahali utaona zimepitwa. Lakini sikiliza mwendo wake: mizani, yaani silabi, kumi na sita kila mstari, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho vinaitana kama wapiga zeze wawili. Mgogo akiandika Kiswahili cha namna ile, mimi naona ametufungulia mlango sote wa huku.

Sasa weka pembeni yake Kichomi cha Kezilahabi, cha mwaka 1974. Vina hakuna, mizani hakuna. Wakati ule washairi wa kimapokeo walipinga vikali, wakasema yale si mashairi. Mimi sisemi hivyo. Baadhi ya picha zake hazijanitoka. Lakini nikitaka kukumbuka shairi lenyewe neno kwa neno siwezi, wakati la Mnyampala linakuja peke yake nikiwa nakoroga uji. Nimekua nasikia watu wakiimba kwa kupokezana, sikio langu linadai mwitikio. Kama wewe umekulia kwenye muziki wa kuongea, hawa vijana wa hip hop, nahisi utaamua kinyume changu kuhusu Kichomi, na utakuwa na haki. Jipime hivi: simama chumbani, soma shairi moja la kila mmoja kwa sauti, lala. Asubuhi angalia lipi limebaki.

Mnyampala ana kitabu kingine cha nathari, cha mwaka 1954, juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Kimekuwa adimu, mimi nilikisoma maktaba, kurasa zimelegea, nikanakili sehemu kwa mkono. Ukikipata kisome sambamba na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Gurnah anakupeleka bara na msafara wa biashara wa watu wa pwani, unaona hofu yao na kiburi chao kupitia macho ya kijana Yusuf, aliyetolewa kwa deni la baba yake. Misafara ya kweli ya karne ya kumi na tisa ilipita Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi wetu ili ipate njia na maji. Gurnah anasimulia kutoka kwa mpita njia, Mnyampala kutoka kwa mwenye kisima. Sijaona vitabu viwili vinavyofaa zaidi kukaa mkoba mmoja.

Shafi Adam Shafi simweki kwenye mizani hii kwa sababu yeye hahitaji ushauri. Chukua riwaya yake Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, mfuate Yasmin anavyomtoroka mume aliyemzidi umri kwa mbali, na ukipanda treni ya SGR Dodoma utashtukia mmefika Dar. Riwaya za upelelezi za Musiba na za Mtobwa nazo ni za safari. Nazipenda, nazisoma, nagawa, sizitafuti tena.

Narudi kwa kijana wangu. Kwa kipimo nilichokitoa ungetarajia nimwambie: uko peke yako, kuna kimya, chukua Kezilahabi. Siku ile nilimjibu hivyo hasa, na nimelifikiria wiki nzima nikaona nilikosea. Kimya anacho tayari cha kutosha. Anachokosa chumbani mle ni sauti, na sauti inayofaa ni ya Shaaban Robert, aisome yeye mwenyewe kwa kinywa chake hata kama hakuna wa kumsikia isipokuwa mpangaji wa chumba cha pili. Wala asianze na Kusadikika. Aanze na Maisha Yangu. Ni kitabu kidogo, mtu anasimulia maisha yake bila makuu: kufiwa na mkewe Amina, kubaki na watoto, kumwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili ili wawe na cha kushika.

Na kuna sababu nyingine. Kuanzia 1944 hadi 1946 Shaaban alifanya kazi Mpwapwa, kwenye idara ya mifugo. Mtu wa Tanga, wa minazi na bahari, aliletwa kikazi huku kwetu kwenye mibuyu na vumbi, akakaa, akaandika. Utafiti wa mifugo unaendelea Mpwapwa mpaka leo. Nina ndugu kule, na kila basi likikaribia ile milima namfikiria anashuka na mizigo yake, mgeni, hajui atakula wapi jioni ile.

Akikimaliza hicho nitamwazima Rosa Mistika, na nitamwambia afunge mlango.

Maisha Yangu nimeshakiweka kwenye droo iliyo chini ya mashine ya kopi, nimekifunga kwa gazeti lisije likaingia wino. Cheti chake cha kuzaliwa nimekichomeka ndani, ukurasa wa kwanza.